Stata inazunguka vizuri mezani lakini inashindwa ikifungwa kwenye injini: niipimeje?

Pampu Moja

Habari za kazi, wakuu. Nina injini ya petroli ya silinda moja inayoendesha pampu ya maji, na ina stata (mota ya kuwashia injini) ya umeme ya volti 12 pamoja na kamba ya kuvutia. Kwa muda wa wiki tatu sasa stata imekuwa ikinisumbua. Nikizungusha ufunguo nasikia solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, ikigonga mara moja, halafu injini ama inajivuta nusu mzunguko na kusimama, ama haisogei kabisa. Nikiigonga stata kidogo kwa mpini wa bisibisi, kuna siku inazunguka vizuri mara moja au mbili, kisha inarudia tabia yake. Kwa kamba injini inawaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili na mkono hausikii uzito usio wa kawaida, kwa hiyo sidhani kwamba injini yenyewe imeshika.

Nilianza kwa kununua betri mpya, jambo ambalo sasa naona lilikuwa la haraka, maana hali haikubadilika hata kidogo. Baada ya hapo niliifungua stata, nikaiweka mezani na kuiunganisha moja kwa moja na betri kwa waya za kubusti. Ilizunguka kwa kasi, nusura initoke mkononi, nikaamini kwamba ni nzima. Nikairudisha, ikashindwa vilevile. Nilichomoa pia ule waya mnene unaofika kwenye stata, nikazungusha ufunguo huku nimeweka mita kwenye ncha ya waya, ikasoma volti 12.6.

Naomba kuelimishwa: stata iliyo nzima mezani inawezaje kushindwa kwenye injini? Na kabla sijatoa pesa kununua nyingine, nikague nini, na nianzie wapi? Nina multimita ya kawaida, spana na jiliwa, lakini sina vifaa vya karakana ya umeme.

Mzee wa Spana

Ndugu Pampu Moja, umeeleza vizuri. Vipimo vyako viwili ndivyo vinavyowapotosha watu wengi, kwa hiyo acha nianze navyo.

Stata inapozunguka mezani haina kazi yoyote zaidi ya kujizungusha yenyewe. Hapo inakula umeme mdogo, na hata brashi (kile cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) iliyobaki kipande, au waya ulioshikiliwa na nyuzi mbili tatu za shaba, unaweza kupitisha kiasi hicho bila matatizo. Ikishafungwa inatakiwa kuisukuma pistoni dhidi ya mgandamizo, na mahitaji yake yanapanda mara nyingi zaidi; kwenye injini ndogo si ajabu kuona ampea 50 hadi 100, na ule mkupuo wa kwanza wa kung'oka kutoka kusimama hupita hapo. Kipimo chako cha volti kina kasoro hiyohiyo, kwa sababu ulipima waya usio na mzigo. Multimita haivuti umeme wa kutajika, kwa hiyo hata waya ulioliwa na kutu mpaka ukabaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12.6 kamili. Wewe ni mtu wa pampu, utanielewa nikisema ni sawa na kusoma geji ya presha huku koki imefungwa: bomba linaweza kuwa limejaa matope na geji isikuambie lolote mpaka maji yaanze kutembea.

Usijaribu kumaliza jambo hili kwa kupima omu za waya. Ukinzani wa omu 0.01 mahali fulani kwenye njia, ampea 80 zikipita hapo, unakula volti 0.8, na multimita ya kawaida haiwezi kuuona ukinzani mdogo namna hiyo. Ncha zake zikigusanishwa zenyewe kwa zenyewe tayari zinasoma zaidi ya hapo. Unachopaswa kupima ni volti zinazopotea njiani wakati stata inafanya kazi, kila kitu kikiwa kimefungwa mahali pake.

Kabla ya kugusa ufunguo, funga koki ya petroli, chomoa kofia ya plagi na uhakikishe plagi haitaweza kuiwasha injini wala cheche kurukia kwenye mvuke wa petroli. Betri ikiwa imetoka kuchajiwa, iache kwanza ipumue, maana gesi yake hulipuka kwa cheche ndogo. Kisha mtafute msaidizi wa kuzungusha ufunguo, naye asishikilie zaidi ya sekunde tano. Baada ya kila jaribio ipe stata dakika moja au mbili ipoe.

Kwanza soma volti kati ya nguzo mbili za betri wakati ufunguo umezungushwa. Ninaposema nguzo ninamaanisha risasi yenyewe ya betri, si kile kibanio kilichofungwa juu yake, maana kutu hupenda kujificha kati ya hivyo viwili, na ukiweka ncha ya mita kwenye kibanio umeruka sehemu yenye ugonjwa. Pili, weka ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye bolti ya stata. Hapo unapima kilichopotea kwenye waya mnene na ndani ya solenoidi kwa pamoja. Tatu, pima kutoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye ganda la stata, ukiikwangua rangi kidogo ili ncha iguse chuma. Mwisho, pima kati ya bolti ya stata na ganda lake, maana hizo ndizo volti ambazo stata inazipata hasa.

Upande wa chanya nisingependa kuona zaidi ya volti 0.5, na upande wa hasi zaidi ya 0.2. Betri ikiporomoka chini ya volti 9.6 hivi, ama betri ni dhaifu ama stata inakula kupita kiasi. Tuletee hesabu hizo nne, tena ziandikwe jinsi zilivyosomeka, zisikadiriwe.

Nyundo Ndogo

Naongeza jambo moja tu. Injini nyingi za silinda moja zina kifaa kidogo kwenye kemu shafti (mhimili unaofungua valvu) kinachonyanyua valvu kidogo wakati injini inazunguka polepole, ili mgandamizo upungue na stata iweze kuizungusha. Nafasi ya valvu ikipanuka kuliko inavyotakiwa, kifaa hicho hakiifikii valvu, na stata inalaumiwa bure. Dalili yake ni kwamba injini inazunguka, inafika kwenye mgandamizo na kugoma palepale kila mara, na kamba nayo inakuwa nzito au inakupokonya mkono. Ndugu yetu amesema kamba ni nyepesi, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo lake, lakini atakayesoma mada hii baadaye na kamba yake ni nzito aanzie kwenye valvu, si kwenye stata.

Mama Koili

Nimekuwa nikisuka mota kwa miaka mingi, na kwenye maelezo ya mwanzisha mada kuna sentensi moja iliyonivutia kuliko vipimo vyote, nayo ni ile ya kuigonga stata ikakubali. Kugonga hakutengenezi waya, hakuchaji betri, wala hakulegezi pistoni. Kinachofanywa na ule mtikisiko, mara nyingi, ni kuisogeza brashi iliyokwama ndani ya kijumba chake ikagusa tena komyuteta, yaani ule mviringo wa vipande vya shaba kwenye mhimili. Solenoidi nayo inaweza kuzinduka kwa kugongwa, lakini kama uligonga stata yenyewe na si solenoidi, mimi nazielekezea macho brashi.

Hata hivyo usiendelee kuigonga. Stata nyingi za injini ndogo hazina koili kwenye ganda; zina sumaku za kudumu zilizogandishwa kwa gundi ndani yake, na sumaku hizo ni za aina ya kauri, ngumu lakini zinavunjika kama kigae. Nimefungua stata ambazo zilikuwa na tatizo dogo la brashi, mwenyewe akazigonga mpaka sumaku ikamwagika vipande na kuikata amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka yenye koili. Kwa sababu hiyohiyo usiibane stata kwenye jiliwa kwa kulikaza ganda. Ibane kwa masikio yake ya kufungia, au uweke mbao laini pande zote mbili na ukaze kwa kiasi tu cha kuizuia isiruke.

Tena, stata ya sumaku ukiigeuzia chanya na hasi inazunguka kinyume. Kwa hiyo unapoijaribu mezani, angalia pia inaelekea upande upi, kwa sababu inayozunguka kinyume haiwezi kurusha gia yake nje, na mtu anaweza kuhukumu kwamba bendeksi (gia hiyo na utaratibu wake wa kuruka) imekufa kumbe ni waya amezigeuza. Ile ya zamani yenye koili kwenye ganda inazunguka upande uleule hata ukigeuza waya, kwa sababu koili za ganda na za amecha zinageuka pamoja.

Pampu Moja

Nimefanya kama nilivyoelekezwa, mdogo wangu akizungusha ufunguo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7. Ufunguo ulipozungushwa na stata ikagoma, nguzo za betri zilisoma 12.3. Kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata nilipata 0.18. Kutoka nguzo hasi hadi ganda la stata nilipata 0.05. Kati ya bolti na ganda, 12.1. Nilirudia mara tatu, na tofauti ilikuwa ndogo sana.

Mzee wa Spana

Hesabu zako zinaingiliana: ukitoa 0.18 na 0.05 kwenye 12.3 unabaki na 12.07, na mita yako imesoma 12.1, kwa hiyo umepima vizuri. Ugonjwa umeshajitaja. Stata inapata volti 12.1 na bado haizunguki. Tena tazama betri: imeshuka kutoka 12.7 hadi 12.3 tu. Stata iliyokwama kwa sababu ya injini nzito, bushi (vipete vinavyobeba mhimili) zilizoliwa au shoti kwenye koili ingekuwa inakunywa umeme kwa pupa, na betri ya ukubwa huo ingeporomoka hadi 9 au chini zaidi. Yako haiporomoki, maana yake umeme haupiti ndani ya stata. Njia imezibika humohumo ndani, na maneno ya Mama Koili kuhusu brashi yanazidi kupata nguvu. Waya na solenoidi ziko salama, fungua stata.

Mama Koili

Mzee wangu, nakubaliana nawe kwamba stata ifunguliwe, lakini hukumu ya waya kuwa salama naomba tuiahirishe. Volti 0.18 ni ndogo kwa sababu umeme unaopita ni mdogo. Wewe mwenyewe umesema hivi punde kwamba stata haivuti. Tukichukulia kwamba zinapita ampea 20 tu, volti 0.18 ni sawa na ukinzani wa omu 0.009. Siku stata itakapopona na kuvuta ampea 80, ukinzani huohuo utakula volti 0.72, na hapo utakuwa umevuka ule mpaka wa 0.5 uliouweka mwenyewe. Volti zinazopotea njiani, bila kujua ni ampea ngapi zilikuwa zinapita, ni nusu ya habari. Vipimo hivi virudiwe stata ikishatengenezwa.

Ndugu Pampu Moja, ukifungua, tenganisha kwanza waya hasi wa betri. Kabla ya kulegeza bolti mbili ndefu za stata, piga mstari kwa kitu chenye ncha kali kutoka kwenye kifuniko cha mbele, ukapitia ganda, hadi kifuniko cha nyuma, ili virudi kama vilivyokuwa. Katika stata ya sumaku, ganda likigeuzwa sumaku hazikai tena mahali pake kwa kulingana na brashi. Hesabu washa za kwenye mhimili na uziweke kwa mpangilio uliozikuta. Kifuniko chenye brashi kitoe polepole, kwa sababu springi zinaweza kuzirusha brashi, na ukiiona brashi mahali ilipokuwa imekaa kabla haijaruka utakuwa umejifunza zaidi kuliko ukiiokota sakafuni.

Kagua kwanza kwa macho. Kila brashi isogee kwenye kijumba chake bila kukwama na irudishwe na springi kwa nguvu. Urefu wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu cha injini; ukikikosa, mimi brashi iliyobaki nusu ya urefu wake wa awali naibadilisha bila mjadala, kwa sababu springi ikifika mwisho wa safari yake haikandamizi tena. Komyuteta nzuri ina rangi ya kahawia iliyokolea kidogo na inateleza kwa ukucha. Tazama pia uso wa sumaku na chuma cha amecha: kama kuna alama za kusuguana, bushi zimeliwa na amecha inayumba, na hapo brashi mpya peke yake haitakuponya.

Kisha chukua multimita. Weka ncha moja kwenye mhimili na nyingine uipitishe kwenye kila kipande cha shaba cha komyuteta. Mita isionyeshe njia yoyote, yaani umeme usipite, maana ikionyesha, koili imegusa chuma na amecha hiyo imekwisha. Pima pia kijumba cha brashi chanya dhidi ya kifuniko, nacho kisiwe na njia, ilhali kile cha hasi ni lazima kiwe nayo. Unga mweusi wa brashi ukijaa na kushika mafuta unaweza kupitisha umeme, kwa hiyo safisha kwa burashi kavu ya kusugulia kabla ya kuhukumu. Usiichovye amecha kwenye petroli.

Pampu Moja

Nimefungua. Kuna brashi mbili. Ya hasi ilisogea vizuri, ingawa imepungua. Ya chanya ilikuwa imebanwa ndani ya kijumba chake na unga mweusi ulioganda kama lami, na springi yake ilikuwa imeegemea ukuta wa kijumba, wala haikuwa ikiigusa brashi mgongoni. Nilipoisukuma kwa kidole ilitoka kidogo na kukwama tena. Sasa naelewa kwa nini mezani ilizunguka: nadhani mtikisiko wa kuifungua ndio ulioisogeza.

Hakuna alama za kusuguana kwenye sumaku. Kati ya mhimili na vipande vya shaba hakuna njia. Kitu kinachonitia wasiwasi ni kwamba komyuteta ina vipande viwili vinavyokaribiana ambavyo vimeungua, vyeusi kwenye kingo, wakati vingine ni vya kahawia. Nilipima omu kati ya kipande na kipande kuzunguka yote, na kila mahali mita inasoma 0.3, hata kwenye hivyo vilivyoungua. Je, hiyo inatosha kusema amecha ni nzima?

Mama Koili

Haitoshi. Gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe na utaona inasoma hiyohiyo 0.3, unasoma waya za mita, si koili. Koili moja ya amecha kama hiyo ina ukinzani mdogo mno kwa multimita yako.

Vipande viwili vilivyoungua kwenye kingo vinaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza, na ndiyo mbaya, ni kwamba koili iliyounganishwa kati yake imekatika au imelegea pale inaposhikana na komyuteta, na kila vipande hivyo vinapopita chini ya brashi, cheche inaruka. Ya pili ni nyepesi: stata ilikuwa ikigoma mara kwa mara ikiwa imesimama mahali palepale, na brashi isiyogusa vizuri ikaunguza vipande vilivyokuwa chini yake. Injini ya silinda moja hupenda kusimama karibu na mgandamizo, kwa hiyo hili la pili si la kulipuuza.

Kuzitofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na huhitaji kile chombo cha sumaku cha kupimia amecha tulicho nacho karakana. Chukua balbu ya taa ya gari ya volti 12 na wati 55. Kutoka chanya ya betri pitisha umeme kwenye balbu, kutoka balbu uingize kwenye kipande kimoja cha komyuteta, na kutoka kipande kilicho upande wa pili kabisa urudishe kwenye hasi. Balbu itawaka karibu kama kawaida na ampea zaidi kidogo ya nne zitapita kwenye amecha, nusu upande huu na nusu upande ule. Sasa weka mita kwenye milivolti na upime kati ya kipande na jirani yake, kuzunguka yote, ukigusa shaba yenyewe na si vile vibanio vinavyoleta umeme. Kila jozi isome takriban sawa na nyingine.

Koili ikiwa imekatika, upande wake wote utasoma sifuri isipokuwa jozi yenye mkato, ambayo itasoma nyingi kupita zote. Koili ikiwa na shoti, jozi yake itasoma chini sana kuliko wenzake. Weka vibanio vyako mbali na vile vipande viwili ili viangukie katikati ya upande mmoja, na usiiache balbu ikiwaka kwa muda mrefu.

Nyundo Ndogo

Nimesuka na kubomoa vitu vingi, lakini hili la balbu sikuwahi kulijua. Nimelijaribu leo kwenye amecha niliyokuwa nimeitupa kwenye boksi la vyuma chakavu: upande mmoja sifuri tupu, na jozi moja ikasoma peke yake. Kumbe niliitupa kwa haki, ingawa sikuwa na ushahidi.

Pampu Moja

Nimepima kama Mama Koili alivyoelekeza. Upande mmoja nilipata kati ya milivolti 19 na 21 kwenye kila jozi, na upande wa pili, wenye vile vipande viwili, ni vivyo hivyo. Jozi yenyewe iliyoungua imesoma 20. Nilihamisha vibanio na kurudia, majibu yakawa yaleyale. Naamini koili ni nzima na kuungua kulitokana na brashi.

Je, naweza kuipiga msasa komyuteta, na brashi mpya zinahitaji kuandaliwa kabla ya kufungwa?

Mama Koili

Amecha yako ni nzima. Tumia msasa laini wa karatasi, si emeri. Kata utepe wa upana wa komyuteta, uuzungushie, kisha zungusha amecha kwa mkono huku umeushika utepe kwa wepesi, mpaka weusi utoke. Usitafute kung'arisha kama kioo, na usisugue sehemu moja peke yake ukatengeneza bonde. Kisha angalia mifereji iliyo kati ya vipande. Kihami kilichomo humo kinatakiwa kiwe chini ya uso wa shaba, kwa sababu kikilingana nayo brashi inarukaruka. Ukikuta mifereji imejaa unga, ichokoe kwa kipande cha wembe wa msumeno ulionolewa, ukiwa na subira, na uondoe makali ya shaba utakayoyaacha.

Vijumba vya brashi visafishe mpaka brashi iteleze kwa uzito wake. Usitie mafuta humo hata tone. Mafuta na unga ndivyo vilivyotengeneza ile lami. Badilisha brashi zote mbili pamoja na springi zake, kwa sababu springi iliyowahi kupata moto imelegea hata kama kwa macho inaonekana sawa. Ili brashi ikae vizuri, zungushia komyuteta utepe wa msasa, upande wa chembe ukitazama brashi, na uizungushe kwa mkono mara chache mpaka uso wa brashi upate mviringo wa komyuteta, kisha upulize vumbi lote. Bushi zitie tone moja la mafuta mepesi, basi.

Mzee wa Spana

Ukiwa bado hujaifunga, tazama na upande wa mbele. Gia ndogo inapanda mhimili kwa mikato iliyozunguka kama ya skrubu, na watu wengi wakiona imekauka wanaipaka grisi. Grisi inakamata vumbi na gia inashindwa kurukia flaiwili, lile gurudumu zito la injini lenye meno. Utasikia stata ikilia kwa kasi huku injini imetulia. Isafishe tu na uhakikishe inapanda na kurudi yenyewe kwa springi, labda kama kitabu cha injini yako kinataja kilainishi maalumu. Chungulia pia meno ya flaiwili, maana injini inasimama karibu sehemu zilezile na meno ya hapo ndiyo yanayoliwa kwanza.

Na kuhusu waya, Mama Koili amenikosoa kwa haki. Nilisoma volti nikasahau ampea. Ukishafunga, rudia vipimo vinne.

Pampu Moja

Nimerudi na majibu. Brashi na springi mpya zimefungwa, komyuteta imesafishwa, na gia ya mbele niliikuta na grisi iliyochanganyika na vumbi, nikaisafisha. Meno ya flaiwili ni mazima. Stata iligeuza injini kwa jaribio la kwanza, lakini kwa masikio yangu haikuwa na haraka niliyoizoea, kwa hiyo nilichomoa kofia ya plagi na kurudia vipimo. Safari hii niliazima mita ya kubana waya, ile inayoweza kusoma ampea za umeme wa betri, kwa sababu ile niliyoiazima kwanza ilikuwa inasoma umeme wa nyumbani tu.

Stata inavuta ampea 80 hivi inapozungusha. Nguzo za betri zinasoma volti 11.0. Upande wa hasi zinapotea 0.2. Upande wa chanya zinapotea 0.75, karibu kabisa na alichokihesabu Mama Koili. Nilihamisha ncha ya mita hatua kwa hatua ili nione zinapotelea wapi: kwenye bolti mbili nene za solenoidi ilisoma 0.1 tu, lakini kutoka kwenye nguzo chanya ya betri hadi kwenye ule waya unaotoka kwenye kibanio chake ilisoma 0.5. Niliufungua. Kwa nje kibanio kilikuwa kinang'aa kwa sababu nilikisugua nilipoweka betri mpya, lakini mahali waya unapoingia ndani ya kibanio, chini ya plastiki, nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, na nilipoukunja waya zilikatika nyingi mkononi.

Nimekata sehemu iliyooza mpaka nikapata shaba inayong'aa, nimebana kibanio kipya na kurudia kipimo. Upande wa chanya sasa zinapotea 0.28, na stata inapata volti 10.5 badala ya 10.0 na kidogo. Injini inazunguka kwa kasi ileile niliyoizoea, na jana na leo nimeiwasha mara kumi na mbili bila kuigonga.

Mama Koili

Ukiwa na dakika chache, fungua na waya wa hasi pale unapofungwa kwenye chuma cha injini. Ile 0.2 ipo kwenye mpaka, na kama upande wa chanya ulioza kwa unyevu wa pampu, wa hasi ulikuwa kwenye maji hayohayo.